Diski ya Pili ya Muuza Tofu

Halafu eti kosa ni la Kean Hin. Ghorofa ya sita nzima imekaa inasema hivyo, kwamba Kean Hin kaiharibu mwenyewe diski ya marehemu baba yake kwa dawa ya meno, kisha anatafuta jirani wa kumsingizia. Mtu akisema uongo mara moja unamwacha apite. Akiurudia kila siku kwenye lifti, mbele ya watu waliobeba mboga zao, basi lazima ajibiwe. Kwa hiyo sikilizeni ilivyokuwa, na wa kununa anune.

Ooi Kean Hin ni dereva wa basi la shule hapa Ayer Itam, Penang. Miaka arobaini na moja, hana mke, ana mama. Asubuhi anakusanya watoto anawabwaga shuleni, mchana anakwenda kuwazoa. Katikati hapo basi linalala chini ya jengo, na yeye anapanda ghorofa ya tisa, anavua shati, anabaki na kaptula. Ukimwacha ni mtu mpole kabisa. Ukimchomekea barabarani, hapo utamjua. Watoto wa basi lake wana matusi ya Kihokkien ambayo hata bibi zao walishayasahau.

Huo mdomo karithi kwa baba yake. Mzee Chin Leong alikuwa fundi wa matairi ya malori, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: orijino. Enzi zile za diski Penang nzima ilikuwa inanunua feki. Unakwenda soko la jioni, unakuta muvi zimemwagwa kwenye turubai kama dagaa, hata zile ambazo sinema bado hazijafika. Unaweka kwenye deki, mapigano yamekolea, mara kichwa cha mtu kinakatiza kwenda msalani, maana mwizi aliirekodi akiwa kwenye kiti cha nyuma. Kila mtu alinunua hizo. Mwalimu alinunua, polisi alinunua.

Mzee Chin Leong hakununua. Yeye alikwenda dukani, akachukua kasha, akaligeuzageuza kwenye mwanga aone stika ya serikali inavyong'aa, akaikwangua kwa ukucha, akainusa. Alikuwa anainusa nini, Mungu wake ndiye anajua. Akipita sokoni anawaambia wale vijana wa turubai, "Nyie mnauza visogo vya watu." Na mwenyewe akijaza kabati la kioo, ukuta kwa ukuta. Hujanawa mikono, hugusi. Ukifuta diski, unafuta kutoka katikati kwenda nje, ukizungusha kitambaa unakula kofi. Ukitaka kuazima, jibu lilikuwa moja: "Meno yangu ya bandia naweza kukuazima. Diski, sahau."

Sasa katika kabati lile kulikuwa na picha moja, Muuza Tofu wa Mlima wa Mawingu. Picha la mwanamke mmoja anauza tofu, hana shida na mtu, lakini akichokozwa anapigana kwa ndoo. Si upanga, si mkuki, ndoo. Kila mwaka mpya, watu wakishashiba, baba, mama na Kean Hin walikaa kuitazama. Picha yenyewe ilikuwa diski mbili, kama zilivyokuwa nyingi zama zile. Ya kwanza inaishia jemadari anaiba ndoo, stelingi kasimama kwenye mvua mikono mitupu, na maandishi yanakuambia uweke diski ya pili.

Na hiyo ya pili mzee hakuwahi kuiweka hata mwaka mmoja. Unaona anainuka, anaigusa deki, anatikisa kichwa. "Imechemka. Tuiache ipumue. Mwisho nitawasimulia mwenyewe."

Akawa anasimulia. Mwaka mmoja ndoo ilirudi na mama muuza tofu akaolewa na mhunzi. Mwaka uliofuata ndoo ilikuwa dhahabu tupu, imepakwa masizi tu. Mwaka mwingine jemadari akawa ni kaka yake wa damu.

"Baba, mwaka jana si ulisema jemadari kafa?" Kean Hin akauliza.

"Kafa, halafu akawa kaka yake. Kula chungwa."

Basi mzee akafariki, majira ya mvua yaliyopita. Siku Kean Hin alipolifungua kabati, akakuta Penang imeshafanya kazi yake. Unyevu huu wetu ukiacha viatu wiki vinaota ndevu, sembuse diski. Zilikuwa na madoa meupe, yametambaa kama mizizi. Kean Hin akaziangalia akaishiwa matusi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kesho yake akanunua kisomeo cha diski cha kuchomeka kwenye laptopu, na kikasha cha kuhifadhia mafaili, akaanza kukopi.

Ndiyo ikawa kazi yake ya katikati ya mchana. Basi limelala, yeye ananawa mikono, anafuta diski kutoka katikati kwenda nje, anaisukumia ndani. Kisomeo kinaguna, kinakohoa, kinaanza kuvuta. Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo kama konokono anayekwenda polisi. Ikiisha, picha imekuwa faili, anaiandika jina, anaijaribu mwanzo, katikati na mwisho, anachukua nyingine. Mama yake, bi Gaik Looi, alilalamika kelele siku mbili za kwanza. Ya tatu akavuta kiti akakaa karibu na kisomeo akimenya kitunguu.

"Kinakoroma kama baba yako," akasema.

"Nikitoe, Mama?"

"Nimesema kinakoroma. Nimesema kitoe?"

Sasa siku ya makaburi ikawa inakaribia, ile ya mwezi wa nne tunapopanda mlimani kufagia makaburi ya wazee na kuwachomea vitu vyao. Mama akachukua zile mbao mbili zilizochongwa kama mwezi mchanga, akapiga magoti mbele ya picha ya mumewe kumuuliza anataka kuletewa nini. Mnajua mbao zinavyosema. Moja ikilala chali na nyingine kifudifudi, ndiyo. Zote kifudifudi, hapana. Zote chali, marehemu mwenyewe anacheka.

"Unataka mashati?" Hapana. "Gari?" Hapana. "Simu mpya?" Akacheka. Mama akafikiri. "Muvi zako?"

Ndiyo. Akarusha tena, ndiyo. Tena, ndiyo.

Mama akainuka na magoti yake yanayolia. "Ah Hin, leta maboksi. Baba yako hana cha kutazama huko. Tunamchomea zote."

Kean Hin nusura ameze kijiti cha meno. "Zote zipi?"

"Za kabatini. Kwani ana nyingine?"

"Mama, ile ni plastiki. Mlima mzima utanuka, wafu wa watu wengine watahama. Tumpelekee za karatasi. Huko kila kitu si ni karatasi? Nyumba karatasi, pesa karatasi, mtumishi karatasi. Zile zote kopi."

"Wewe mtoto," mama akasema polepole, na akisema polepole ujue kimeshawaka. "Baba yako hajanunua feki hata siku moja katika uhai wake. Leo mimi nimpelekee kopi, afe mara ya pili?"

"Basi angoje nimalize kukopi."

"Atangoja mpaka siku ya makaburi. Utakazokuwa umekopi heri, ambazo hujakopi pole yako. Zote zinapanda mlimani."

Hapo ndipo joto lilipompanda Kean Hin, maana alikuwa amebakiza Muuza Tofu. Alikuwa ameiweka ya mwisho makusudi, kama mtoto anayebakiza nyama pembeni ya sahani. Picha hiyo haiuzwi popote siku hizi. Kwenye mtandao haimo, aliitafuta hadi macho yakawa mekundu. Ikichomwa bila kukopiwa, imekwisha, na hakuna mtu katika nyumba ile atakayejua ndoo iliishia wapi.

Diski ya kwanza ikaingia vizuri, ikawa faili. Ya pili kisomeo kikaikataa. Kiliivuta, kikasaga, kikaitema. Akaifuta, kikaitema. Akaiosha kwa sabuni, kikaitema na kutoa mlio kama kimetukanwa. Akabadilisha kisomeo, akaazima cha mtu wa ghorofa ya nne, nacho kikatema.

Habari ikasambaa kwenye lifti, wakaja waganga. Mmoja akaleta dawa ya meno, akaipaka diski mpaka ikanukia kama mdomo wa harusini. Mwingine akaja na mafuta ya upepo, yale ya kuchulia mgongo. Halafu akaja shangazi Geok Kee wa ghorofa ya sita na ndizi.

"Ganda, upande wa ndani," shangazi akasema, kashaanza kusugua. "Mjane wa mjomba wangu aliiponya diski nzima ya karaoke."

"Shangazi, nakuomba, taratibu," Kean Hin akasema. "Tena unazungusha. Usizungushe."

"Naona huruma, Ah Hin. Picha nzuri ile. Hasa pale mwishoni ndoo inapojaa maji ya mto na kumburuza jemadari."

Hilo neno lishikeni. Kean Hin hakulishika, alikuwa anaangalia ndizi. Mama alikuwa jikoni, kisu kikasimama juu ya kitunguu. Kisha kikaendelea.

Kisomeo kikaonja ndizi, kikaitema. Kikabaki kinanuka ndizi, na ukikiwasha mpaka leo kinanuka.

Siku zikawa zimekwisha. Kean Hin akatafuta njia ya pili. Akashuka kwa mzee Teoh, yule anayetengeneza vitu vya karatasi vya kuchomea wafu, majumba, magari, meno ya dhahabu. Akamwambia anataka muvi za karatasi, kabati zima, na deki, labda mama akiona zimependeza atabadili moyo.

Mzee Teoh akavua miwani. "Unataka orijino au feki?"

"Mzee, ni karatasi."

"Najua ni karatasi, nazikata mimi. Nakuuliza orijino au feki. Orijino nabandika stika, feki sibandiki."

"Orijino."

"Safi. Baba yako aliwahi kunitukana dukani kwangu kwa sababu gari langu la karatasi halikuwa na nambari za usajili. Huyu simpelekei upuuzi."

Akafanya kazi, na mnyonge mnyongeni, aliifanya. Kabati la karatasi lenye milango ya nailoni. Makasha mepesi kama ganda la kitunguu, kila moja na stika ya karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Deki yenye mdomo unaofunguka. Kean Hin akavipakia kwenye basi la shule, akaendesha taratibu kuliko alivyowahi kuendesha tangu apate leseni, na magari nyuma yakampigia honi, na yeye, nawaapia, hakujibu.

Jumapili ya makaburi asubuhi, kuku ameshachemshwa, machungwa yamepangwa, mama akavikagua. Akachukua kasha moja la karatasi. Akaligeuzageuza kwenye mwanga. Akaikwangua stika kwa ukucha. Akainusa.

"Zimetengenezwa vizuri," akasema. "Tumuulize mwenyewe."

Akarusha mbao. Zote chali. Anacheka. Akarusha tena. Anacheka. Mara ya tatu mbao moja ilizunguka kama pia, ikaanguka chali kama mwenzake.

"Anacheka nini huyu?" mama akauliza. "Chin Leong, kuna kitu kimepungua?"

Ndiyo.

Wakaangaliana. Wakaanza kuhesabu vitu: kabati lipo, deki ipo, stika zipo. Kean Hin ndiye akajipiga paji la uso. "Rimoti."

Mzee yule maisha yake yote hakuwahi kuinuka kitini kubonyeza kitu. Kean Hin akakata boksi la dawa ya meno, akachora vitufe kwa kalamu, akachora na betri mbili nyuma. Mama akarusha. Ndiyo, rimoti imepokelewa. Akauliza sasa, "Basi unazikubali hizi za karatasi?"

Chali zote mbili. Anacheka.

Mama akakasirika kweli. "Basi. Mzaha nao una mwisho. Nakuletea zile zenyewe." Akaenda mezani akachukua ya kwanza aliyoifikia, nayo ilikuwa Muuza Tofu, diski ya pili, bado ina dawa ya meno na mafuta ya upepo na nyuzi za ndizi.

"Mama, hiyo bado," Kean Hin akasema. Alikuwa ameinua mikono miwili kama mtu anayezuia basi. "Mama, chukua zote, hiyo niachie. Nitatafuta fundi. Nikiipoteza hiyo sitajua."

"Hutajua nini?"

"Ndoo."

Mama alimtazama mwanawe wa miaka arobaini na moja aliyesimama na kaptula. Hakuirudisha mezani. Lakini mke hampelekei mumewe kitu kichafu, kwa hiyo alichukua kitambaa akaanza kuifuta kwanza, kutoka katikati kwenda nje, kwa nguvu. Na ule uso wa diski, wenye picha ya mwanamke na ndoo, ukakunjika ukingoni. Ukaanza kuinuka. Mama akaushika kwa kucha mbili akauvuta, ukatoka mzima kama ganda la embe. Ilikuwa karatasi. Karatasi imekatwa duara kwa mkasi na mtu mwenye subira, ikabandikwa kwa gundi.

Chini yake kulikuwa na diski nyeupe ya sokoni, ile ya turubai, na maandishi ya kalamu ya wino mzito: tofu 2.

Feki.

Kabatini mwa mzee Chin Leong. Kean Hin akakaa chini. Ndiyo maana visomeo vilikuwa vinatema, feki yenyewe hata siku ya kwanza pengine haikuwahi kusomeka. Ndiyo maana deki ilikuwa inachemka kila mwaka mpya.

Mama alianza kutetemeka mabega, Kean Hin akadhani analia, akamsogelea. Kumbe kicheko. Alicheka mpaka akashikilia kabati la karatasi likapinda. "Wauza visogo vya watu," akasema, akifuta machozi kwa kitambaa chenye ndizi. "Ooi Chin Leong. Na wewe kumbe. Ndiyo maana ulikuwa unacheka."

Alipotulia akapiga magoti tena, safari hii kama hakimu. "Orijino uliiazimisha kabla hatujaitazama?" Ndiyo. "Uliona aibu kuniambia?" Ndiyo, tena mbao ziliruka haraka. "Kwa mtu wa jengo hili?" Ndiyo. Mbao hazisemi majina, kwa hiyo akaanza kupanda ngazi. "Ghorofa ya kwanza?" Hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, hapana. Ya nne, hapana. Ya tano akacheka, huko anakaa mdai wake wa kamari. "Ya sita?"

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Geok Kee," mama akasema. "Nilisikia nikiwa jikoni. Mwisho wa picha ile hakuna anayeujua. Yeye kaujulia wapi?"

Lakini kwanza walipanda mlimani. Mama alishakata shauri: "Mtu aliyebandika karatasi juu ya feki hana mdomo wa kukataa karatasi." Zile orijino zikabaki kabatini kwake, na kopi zake kwenye kikasha. Kaburini wakafagia, wakamwaga bia nyeusi aliyoipenda, wakawasha. Kabati likashika mara moja, stika za sigara zikang'aa kidogo kabla ya kuwa jivu. Rimoti iliwekwa ya mwisho, juu kabisa, aiokote haraka. Mama akauambia moshi, "Na huko usiazimishe watu." Akarusha mbao pale pale kwenye nyasi. Ndiyo, mara moja tu, bila kucheka.

Waliporudi wakaenda moja kwa moja ghorofa ya sita. Shangazi Geok Kee akafungua mlango nusu.

"Diski gani? Mimi ile picha niliitazama sinema."

"Haikuingia sinema," Kean Hin akasema. "Ilitengenezwa ya diski tu. Imeandikwa kwenye kasha."

"Basi niliota."

"Uliota ndoo inamburuza jemadari mtoni?"

"Wewe uliyepaka diski ya baba yako dawa ya meno ndiye unakuja kunihoji mimi?" Na mlango ukafungwa. Toka siku hiyo ndiyo maneno ya kwenye lifti yakaanza.

Sasa ukweli mmeupata. Kean Hin ana faili linaitwa Muuza Tofu moja, na pembeni yake nafasi tupu. Watoto wa basi wameshamuuliza mwisho wake, akawaambia ndoo iligeuka joka, na mtoto mmoja akamwambia jana ulisema iligeuka treni. Bi Gaik Looi ana miaka sabini na minane. Mwaka mpya anataka kukaa kitini, amenye chungwa lake, aone kwa macho yake ndoo imekwenda wapi. Hiyo tu.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, usitingishe kichwa halafu ukaenda kula. Panda ghorofa ya sita, mlango wa tatu kutoka kwenye lifti, wenye vyungu viwili vya majani ya pandani. Gonga. Akisema hayupo, gonga tena. Mwambie arudishe diski.